Diski ya Wachu

Mwanaasha, uko? Nimefanya balaa.

Ile diski yenye sauti ya bibi Bimkubwa, akitaja majina ya wote waliokimbia kisiwa chetu cha Chula. Mafaili makubwa yalikuwa hayaingii, nikaipeleka kwa Fahad, fundi wa kompyuta hapa Kismayo, aibadilishe mfumo.

Akasema iko njia isiyofuta kitu. Ila kompyuta inataka kwanza jina la diski. Jina tu, Mwanaasha!

Nikamwambia "Watu". Ikakataa. Akaandika tena Watu, ikakataa tena.

"Basi njia iliyobaki inafuta kila kitu. Una nakala?" Nikasema ipo kwenye simu. Akaifomati.

Kwenye simu hamna kitu. Nimefungua kila folda. Hamna!

Ndipo nikakumbuka. Bibi mwenyewe aliniambia niiite "Wachu", yaani watu kwa lahaja yetu, nami nikaandika hivyo hivyo. Nimezoea kukificha Kibajuni mbele za watu, hata hakikunijia.

Nimemwambia Fahad sasa hivi. Hajui kama atafukua hata sauti moja. Ameitazama ile diski tupu, kisha akasema polepole, "Hata kwetu kisiwani Koyama tunasema wachu. Mbona hukusema, dadangu?"