Nilishuhudia Kanisani Kuhusu Sonde, Sasa Gari Haliwaki Asubuhi

Mama Marcelline mpendwa,

Nisaidie kabla mke wangu hajajifungua, maana zimebaki wiki tatu na nyumbani kwetu Kikula hatuzungumzi tena kitu kingine ila gari. Nina gari dogo la injection, lisilo na kabureta, lililopitia Zambia, nabeba akina mama wa samaki kutoka ziwa la Tshangalele hadi sokoni Kikula, na wewe unajua mafuta yalivyo siku hizi, tunayanunua kwa chupa barabarani kwa wale wauzaji tunaowaita kadafi, leo yapo kesho hayapo, kwa hiyo mwezi wa nne aliponijia Séraphin, fundi wa redio, akaniambia kwamba injini ina sonde, kidude kinachoiambia kama ni ya baridi au ya moto, na kwamba yeye akitia kwenye waya wake kipande kidogo cha redio iliyokufa, injini itadhani imeshapata moto na haitaomba mafuta mengi, mimi nilikubali hapo hapo, akakifunga kwa utepe mweusi, robo saa tu.

Alinipa na masharti, akasema nikiyavunja kitu hakitafanya kazi: magurudumu yajae upepo kila Jumatatu, nisipakie tena magunia ya makaa juu ya paa, nisikanyage mafuta kwa hasira, na kwenye mteremko nizime injini gari lishuke lenyewe. Niliyashika yote, Mama, na bidoni, lile dumu la mafuta, iliyokuwa ikiishia safari mbili ikafika safari tatu, basi Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikashuhudia, nikasema Bwana amenifungulia njia katika shida hii, watu wakapiga makofi, pasta akasema amina, na mashemasi wanne wakaenda kwa Séraphin wiki ile ile, nao wafungiwe.

Tatizo ni baridi. Tangu Juni iingie gari haliwaki asubuhi, nazungusha ufunguo mpaka betri inachoka, majirani wanatoka kusukuma, likishapata moto linatembea vizuri kabisa, lakini Jumanne iliyopita watu hawakutosha, mke wangu mwenyewe akaingia kushika usukani, tumbo limebanwa pale, mimi nasukuma nyuma, na alipotoka aliniambia mbele ya watu wote: "Baba Jessy, ile kintu utoe leo. Jessy alizaliwaka asubui na mapema, na huyu atafanya vile vile. Miye sitazala mu motokari yenye banasukuma." Nikamjibu kwamba pasta mwenyewe alisema amina. Akasema: "Pasteur alisema amina, ni kweli. Lakini pasteur hazalake."

Nimeshindwa, Mama. Nikikitoa, mashemasi wataniuliza, na ushuhuda wangu utakuwa uongo niliosema mbele ya Mungu na watu. Nisipokitoa, kila asubuhi nikishika ufunguo mke wangu ananiangalia tu, na naogopa, nakuambia kweli naogopa. Je, siwezi kungoja azae kwanza, halafu nione?

Kabongo, Kikula, Juni 1996

Kabongo,

Ungoje azae kwanza? Nimeusoma mstari huo, nikavua miwani, nikaifuta, nikausoma tena. Bado upo.

Pole kwa shida ya mafuta. Sote tunahangaika, na anayesema mwaka huu asingejaribu kitu chochote, huyo hana gari. Kwa kujaribu sikulaumu. Nakulaumu kwa sababu Séraphin alikufungia kitu kimoja akakupa masharti manne, na masharti yote manne hupunguza mafuta hata kwenye gari ambalo Séraphin hajaligusa. Magurudumu yamejaa, paa halina makaa, mguu wako umetulia. Halafu bidoni ikafika mbali, ukaushukuru utepe mweusi. Sharti la nne liache leo: injini ikizimwa mteremkoni breki huwa ngumu, na akina mama wa samaki hawakupanda ili wafie njiani.

Barua yako nilimpa mume wangu Déogratias, aliyefanya kazi ya magari miaka ishirini. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema: "Injini iko baridi, inaomba mafuta, na ule muntu anaiambia iko moto. Itawaka namna gani?" Akaongeza kwamba ikishapata moto kweli, uongo huo hauipunguzii karibu chochote. Kwa hiyo kile kitu kinakubania mafuta saa ile ile unayoyahitaji, na hasara inalipwa na betri, majirani na tumbo la mkeo.

Ukibisha, jaribu mtoto akishatimiza mwezi: bidoni moja na kile kitu, bidoni moja bila, barabara ile ile, mzigo ule ule, mguu ule ule. Apime Mama Jessy. Wewe umeshashuhudia, huwezi kuwa mpimaji.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla ya samaki, nenda kwa Séraphin akitoe na kuunganisha waya kama ulivyokuwa, usiukate mwenyewe. Kesho alfajiri liwashe gari mkeo akiwa mlangoni anasikia. Jumapili simama tena, uwaambie wajaze upepo, wapunguze mizigo, wakitoe kile kitu. Utaona aibu, ndiyo, utaona aibu robo saa. Ulisema ulichoamini, na sasa unajua zaidi. Mashemasi wale nao wana wake nyumbani.

Mama Jessy, sasa nasema nawe, maana najua barua hizi husomwa kwa sauti nyumbani. Ikifika Jumamosi na kile kitu bado kipo, funga nguo za mtoto, uhamie kwa ndugu yeyote anayekaa karibu na maternité, pale akina mama wanapojifungulia. Usigombane na Baba Jessy. Mwachie gari lake. Mtoto akizaliwa tutampelekea habari, naye aje kumwona kwa miguu.