Sponji ya Nyenje

Mume wangu,

Huku hatujambo, na mjusi wako hajambo kuliko sote. Ukipiga simu unamuulizia yeye kwanza, nami nimezoea. Mimi si mtu wa wivu.

Vile vitoto vya nyenje unavyomfugia mjusi wako viwe chakula chake vimeanguliwa, vidogo kama chembe za pilipili manga. Niliviwekea maji kwenye kifuniko cha chupa, asubuhi nikakuta vingi vimezama. Nikampigia yule dada aliyekuuzia mjusi.

"Wifi, hawawekewi maji hao, wanawekewa sponji mbichi! Ngoja nikuletee."

Wifi! Sijui amekuwa dada yako lini.

Akaja ananukia marashi, eti anakuja kwa wadudu. Nikamfungulia, nikageuka kufunga mlango. Kugeuka tena, hayupo sebuleni. Nikamkuta chumbani kwetu, ameinama nyuma ya kabati, anatia sponji kwenye sanduku la nyenje.

Hata mama yako hajui tunawaweka huko. Na mimi sikuwa nimemwambia.

Waliobaki wanakunywa vizuri. Sanduku lao nimelihamishia sebuleni, na mto wako nimeuweka juu yake.

Mkeo,
mwenye chumba