Misumari Mitupu

Tarehe 4 Machi

Mwanangu, mboni ya jicho langu,

Pokea salamu kwanza, mengine yatafuata. U mzima? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi nipo. Goti linalalamika, cherehani inalalamika, naziamua kesi zote mbili na kazi inaendelea.

Usishangae kuona barua. Simu sina ugomvi nayo, lakini kwenye simu unanijibu "sawa mama, sawa mama" kama karani mwenye njaa, halafu mimi nabaki sina cha kuwasomea wateja. Barua naisoma dukani kwa sauti, toka salamu mpaka sahihi. Ile uliyoandika kwamba kompyuta yako sasa ukiiambia kifua, kiuno na urefu, inachora gauni yenyewe, kila kipande na pindo lake, hiyo nimeirudia mpaka wateja wakaomba maji. Mlango niliuacha wazi, ili jirani na mpinzani wangu wa cherehani, Bibi Overloki, asikie akiwa kwake bila kuteseka kutega sikio.

Sasa sikia habari. Nimesafisha ukuta! Karatasi zote za kukatia, zile za tangu nikiwa mwanafunzi wa ushonaji, za magauni, za sare, za makoti, zile ulizokuja kuzipiga picha likizo ukapiga chafya kutwa nzima, nimezitoa. Za nini tena? Ziko ndani ya kompyuta ya mwanangu. Nimempa muuza karanga wa pale kona afungie karanga zake. Kafurahi utadhani kapewa mke.

Bibi Overloki kaja, kautazama ukuta, kaniuliza, "Shoga, umefilisika?" Nikamwambia, "Shoga, wewe endelea na makaratasi. Sisi sasa ni watu wa kompyuta." Akageuka akaenda zake. Na unamjua, yule haondoki upesi.

Misumari nimeiacha palepale. Mmoja utabeba picha yako ya siku ya kuhitimu.

Mama yako, mama wa fundi wa mafundi


Tarehe 21 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta ya cherehani pembeni, nikaijua kabla sijaifungua. Kikohozi kimeondoka. Goti lipumzishe, usikae juani.

Chuoni tunaendelea. Kuna usumbufu mdogo mdogo wa mitambo, si wa kuandika.

Mama, nina swali. Zile karatasi, muuza karanga alizichukua zote? Hazikubaki hata chache, labda nyuma ya kabati, au kule juu ulikoweka vitambaa vya mitindo ya zamani? Na huyo muuza karanga, anauza haraka? Nauliza tu.

Tafadhali, hii usiisome dukani.

Mwanao


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Nashukuru umepona. Mimi sijambo, goti halijambo.

Lakini mtu anayetaka barua isisomwe dukani huandika juu, haandiki chini! Nilikuwa nimeshafika mwisho, na wateja wamejaa hadi kwenye meza ya kupigia pasi. Wakanitazama, nikawatazama. Nikawaambia, "Ni utafiti. Wasomi huuliza hata vya jalalani." Wakakubali.

Nakujibu sasa: hapa kwangu hakijabaki kipande. Muuza karanga anauza kama ana dawa ndani. Anasema karatasi zangu ni ngumu, hazivuji mafuta, wateja wamezipenda. Hata kwenye karanga jina letu limepanda.

Sasa la maana. Msimamizi wa wauguzi kaja mwenyewe dukani. Anataka sare za wauguzi wake wote, mtindo wangu ule wenye kipande kidogo cha pembe nne chini ya kwapa, ili mtu akiinua mkono kutundika chupa ya maji ya dripu, nguo isimpande yote. Kile kipande, mwanangu, hakuna fundi mwingine anayekijua mtaa huu. Nikamwambia sare zake zitakatwa kwa kompyuta. Alishangaa mpaka akakaa.

Kwa hiyo nichapishie hiyo moja tu, ukubwa kamili, umpe dereva wa lori la magodoro anayetubebea barua. Kitambaa kimeshafika.

Mama yako anayengoja


Tarehe 16 Aprili

Mwanangu,

Salamu zipo, nimezifupisha.

Lori la magodoro limekuja na magodoro tu. Limekuja tena, magodoro tu. Dereva sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Kitambaa kiko mezani, nakikunja, nakikunjua. Jana nimejaribu kuchora kwa kichwa, nikaweka chaki, nikafuta, nikaweka, nikafuta, kitambaa kikawa kama ubao wa darasani. Mkono wangu umezoea kufuata karatasi. Bila karatasi unauliza, "Hapa twende wapi?"

Una nini? Unaumwa? Umefukuzwa? Ni mwanamume? Kama ni mwanamume, sema. Kama ni mimba, sema pia, nitapiga kelele halafu nitanyamaza, nitaanza kushona vinguo. Kinachoniua ni kutojua. Nakaa, nainuka, natoka nje, narudi, mpaka mteja kaniuliza kama nimevaa viatu vya watu vinavyonibana.

Bibi Overloki naye kila asubuhi: "Ile kompyuta imeshafika?" Anauliza kwa sauti ya pole. Na pole yake ina pilipili.

Mama yako


Tarehe 20 Aprili

HII USIISOME DUKANI. Nimeandika juu.

Mama, shikamoo. Siumwi. Si mwanamume, wala si mimba. Natamani ingekuwa moja ya hayo, ungekuwa umeshajua la kufanya.

Kompyuta imekufa. Ilikuwa mchana, naongeza mikono kwenye gauni, feni yake ikaanza kulia kama nyuki, kioo kikawa cha buluu, kisha cheusi, kisha ikanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni. Fundi kompyuta aliifungua akasema diski imeungua, hakitoki kitu humo. Nikaenda kwa mwingine, akasema yaleyale kwa maneno marefu zaidi.

Utaniuliza, na nakala je? Niliweka nakala, mama. Niliiweka humohumo. Kama mtu aliyechonga ufunguo wa akiba akaufungia ndani ya nyumba. Na picha nilizopiga kwa simu, simu ilijaa, nikazihamishia kwenye kompyuta, nikazifuta.

Siku ile sikulia sana. Nilijiambia, karatasi za mama zipo ukutani, nitapanda basi, nitaanza upya. Nilikuwa nafunga begi dereva alipoleta barua yako ya kusafisha ukuta. Niliisoma nimesimama. Sentensi ya muuza karanga niliisoma nimekaa sakafuni.

Natakiwa kuonyesha kazi mwisho wa Juni, la sivyo narudia mwaka. Lakini hilo ni langu. Lililonizuia kukuandikia ni lako: kazi yako ya maisha ilikuwa mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyeifungia ndani. Hiyo sare siwezi kukuchapishia. Sina kitu.

Nisamehe.

Mwanao


Tarehe 9 Mei

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nilipopiga simu ulisema "tutaandikiana" ukakata, na nyuma yako nilisikia mtu akikukaribisha nyumbani kwake. Nimepiga tena, haipokelewi.

Kila nikikaa mezani nainuka. Chumba ni hatua chache tu lakini nimekizunguka hadi mwenzangu wa chumba kahamia maktaba.

Nitukane basi. Ukinitukana nitajua tumeanza kuzungumza.

Mwanao


Tarehe 18 Mei

Mwanangu wee,

Nikutukane kwa lipi? Sikuwa nimekasirika, nilikuwa njiani. Pokea salamu, pamoja na mzigo uliofungwa kwa kamba ya kijani. Ufungue taratibu, usije ukaukata kwa papara yako.

Nilipoisoma barua yako nilifunga duka mchana kweupe. Nikakaa, nikautazama ukuta, misumari nayo ikanitazama. Nikaenda kwa muuza karanga. Akaniambia, "Mama, watu wameshakula." Alibakiwa na mkono mmoja wa karatasi na nusu ya ukosi. Nikauchukua ule mkono, una mafuta na chumvi, nikatoka nao kama niliyefiwa.

Basi, nikiwa pale kona, mama mmoja akapita mbele yangu, akainua mkono kumwita mwanawe. Nguo yake haikupanda! Nikaangalia chini ya kwapa: kile kipande changu cha pembe nne. Mwanangu, nilisimama nikacheka peke yangu barabarani. Karatasi zangu zimeliwa, lakini nguo zinatembea!

Ndipo nikaanza kuzunguka. Nyumba kwa nyumba, kwa kila niliyewahi kumshonea: nipe gauni lako la zamani nilifumue, nilaze vipande juu ya karatasi, nichore, nikurudishie limeshonwa upya. Na kila mlango lazima niseme kwa nini. Unadhani walininyamazia? "Si mlisema ninyi ni watu wa kompyuta?" Mwingine: "Ulifumue, halafu nivae nini, hiyo kompyuta?" Nikawaambia wote, kompyuta ya mwanangu imekufa kwa kuzidiwa na akili. Ilibebeshwa akili nyingi, ikapasuka. Wakacheka, wakatoa nguo. Msimamizi wa wauguzi katoa sare yake aliyoianzia kazi, imepauka hadi unaona ukuta ng'ambo, lakini mishono yote ipo.

Likabaki koti la ukosi mpana, lile ulilolipenda sana kulichora. Hilo nililishona mara moja tu, na unajua nilimshonea nani. Kabla hatujagombana.

Nilipita mbele ya duka la Bibi Overloki nikajifanya naenda sokoni. Nikarudi nikajifanya natoka sokoni, bila hata kitunguu. Akaniita mwenyewe: "Shoga, utachimba barabara. Ingia." Nikamweleza. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akaingia ndani, akatoka na koti na wembe. Nikanyoosha mkono nipokee, akaniambia, "Kaa hapo. Una haraka, utaniharibia." Akalifumua yeye, mshono kwa mshono, akanipa kipande kimoja kimoja, mimi nachora. Akauliza, "Na mtoto anaendeleaje?" Nikasema hajalala vizuri. Akasema, "Poleni." Nimeitafuta pilipili kwenye hiyo pole, sikuiona.

Ukiacha huo mkono wa muuza karanga, zote ulizonazo hapo ni nakala. Zenyewe ziko ukutani, misumari ilikuwa ikizingoja. Nimejifunza kwako: nakala hailali nyumba moja na mama yake.

Mama yako


Tarehe 10 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na mpe shikamoo Bibi Overloki.

Mzigo niliufungua mwenzangu wa chumba akiwepo. Ulipotoka ule mkono wa karanga, uliouweka juu kabisa, alidhani ni chakula. Nililia na kucheka kwa pamoja, akatoka tena.

Natumia kompyuta ya maktaba. Kila ninapomaliza kipande naweka nakala huku, naweka kule, nampelekea na mwalimu wangu, mpaka kaniambia nimwonee huruma. Ile ya kwanza ilikuwa inachora kila mtindo. Hii inachora michache, na koti bado linanisumbua begani. Nitaonyesha kazi tarehe 30. Sijui kama itatosha. Usiku wa jana nimeota feni ikilia.

Siwezi kukuahidi, mama.

Mwanao


Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Kula. Koti likisumbua begani, tatizo haliko begani, liko kwenye shingo. Ipunguze shingo kidogo uone. Au usiipunguze, wewe ndiye unayejua lugha ya hicho chombo.

Sare za wauguzi nimezimaliza, kwa karatasi. Msimamizi kainua mikono yote miwili pale dukani kama aliyeshikwa na polisi, nguo haikupanda. Kaniuliza kompyuta inaendeleaje, nikamwambia iko likizo.

Sasa nikwambie jambo, na usicheke. Habari ya tarehe 30 sijamwambia mtu. Barua yako sikuisoma dukani, ingawa hukuandika popote kwamba nisiisome. Wateja wananiuliza, "Mtoto anaonyesha lini kazi yake?" Najibu, "Mambo ya chuo, nani ayajue." Mimi! Ulimi unaniwasha kama nimelamba upupu. Jana nimejikuta naiambia cherehani, nikaifunika kwa kitambaa.

Sikunyamaza kwa aibu. Ulipoiandika ile "siwezi kukuahidi", nilijua ahadi umeshabebeshwa na mimi, mtaa mzima, mlango wazi. Safari hii nenda mikono mitupu, bila ahadi ya mtu. Ikitosha, imetosha. Isipotosha, utarudia mwaka, na ukuta upo.

Ila ukimaliza, niandikie neno moja tu. Nijue nifungue mdomo au nimeze.

Mama yako, kimya


Tarehe 1 Julai

Mama,

Shikamoo.

Fungua mlango wa duka kwanza. Halafu mdomo.

Mwanao