Fulana ya Kampuni

Akiru mjukuu wangu, ejok. Sisi hapa Lodwar tu wazima. Mjomba wako amerudi kutoka Lokiriama, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Unauliza ninaonaje kampuni yenu ikija kupanda miti kando ya mto kule Kakuma. Swali lako limenipandisha hasira. Nilipokuwa msichana, kampuni moja ilikuja na miche, wapiga picha na waya wa miiba. Wakaizungushia waya ekwar yetu, ile miti ya ukingoni ambayo nyanya yangu alimwachia mama, na maganda yake ndiyo chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Hakuna aliyeuliza miti ni ya nani! Mama akapewa fulana yenye jina lao, akaambiwa apige makofi. Mbuzi wetu wanalia nje ya waya, na wao wanasema wanatusaidia!

Walipoondoka, mama aliiviringisha ile fulana mikononi miiba isimchome, akaung'oa waya wote. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo msaada wao ulitufanyia.

Mwambie bosi wako aje kuuliza kwanza. Ile fulana bado ninayo.

Nyanya yako