Kabureta ya BSA ya Baba Mkubwa

Iyunga, Mbeya
Jumapili

Mpendwa dada Benedicta,

Kamwene, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kihesa, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya mvua za mwaka huu haijakiamsha kile kifua chako. Mama anaendeleaje na presha? Mimi ni mzima, nakula vizuri, kazi nafanya. Najua utashangaa kuletewa bahasha na kondakta wa basi wakati simu ninayo. Tatizo ni kwamba kwenye simu wewe huuliza maswali kabla mtu hajafika mwisho wa maneno yake, na safari hii nataka nifike mwisho.

Nianze na pikipiki. Sijasahau mlivyonicheka nilipomwomba kwa simu baba mkubwa Sedekia ile BSA yake iliyokuwa bandani, kuku wakitagia juu ya kiti. Shemeji alisema mtu mwenye akili angenunua pikipiki mpya ya Kichina, si chuma cha Waingereza kilichombeba baba mkubwa kwenda vigangoni kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Baba mkubwa mwenyewe aliniuliza kama nina hakika, kisha akaipakia kwenye lori la mbao ikaja Mbeya.

Niliishusha gereji kwa Masumbuko, yule rafiki yangu Mnyakyusa ninayekaa kwake. Tulisafisha tangi, tukaweka plagi mpya, nikapiga kiki mpaka jasho likanitoka. Ikawaka! Lakini kila nilipovuta resi, ilikohoa ikazima. Masumbuko alidhani ni umeme, tukapima, cheche zilikuwa safi. Tulipoichomoa plagi tukaikuta nyeupe kama chaki, maana yake injini ilikuwa inavuta hewa nyingi na mafuta kidogo. Ndipo tukaitazama vizuri kabureta yenyewe. Haikuwa ya kwake. Ilikuwa kabureta ya bodaboda, imeshikizwa kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari na mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilimpigia baba mkubwa, akakumbuka kwamba ile ya asili iliibwa siku moja alipoiacha pikipiki nje ya kanisa, na fundi mmoja akamfungia hiyo ili mradi afike nyumbani. Hakuiendesha tena.

Sasa ya asili ilikuwa ipi? Nilikwenda kwa mchonga vyuma nikapima tundu la injini na umbali wa bolti zake mbili, nikapeleka vipimo kwa Suresh, mwenye duka la spea mjini. Marehemu baba yake aliuza pikipiki hizo zamani. Suresh alinieleza kwamba kabureta za Kiingereza za wakati ule zina namba iliyogongwa ubavuni, na tarakimu tatu za mwanzo ndizo zinazoonyesha aina. Mia tatu sabini na tano ni ndogo, mia tatu sabini na sita ni kubwa. Kwa vipimo vyangu, alisema, natafuta sabini na sita. Akaingia ndani, akatoka na sabini na tano.

Nikaichukua kwa kukata tamaa. Tulipanua kidogo matundu ya bolti, ikakaa, ikanguruma, tukashikana mikono. Lakini kwenye mlima wa kwanza wa barabara ya Chunya ilihema kama mgonjwa wa pumu, ikafa. Tuliisukuma kurudi. Masumbuko akataka tukapanue na tundu lenyewe, nikakataa.

"Libe, hiki chuma kitakuzeesha," aliniambia kwa hasira. "Nunua nyingine kama watu wote."

Nikamjibu kwamba anajua vizuri kwa nini siwezi. Akainama, akaendelea kufuta spana zake.

Basi nikawa mtu wa kwenda kwa Suresh kila nipatapo nafasi, mpaka akachoka kuniona. Akanipa ufunguo wa stoo ya marehemu baba yake. "Ingia utafute mwenyewe," alisema, "na ukikuta nyoka ni wako." Nyoka sikumkuta. Nilikuta chini ya vipuri vya pampu za mashamba kitu kilichofungwa kwa karatasi yenye grisi, nikafuta kwa shati langu, nikaisoma ile namba mara mbili. Sabini na sita! Nilipiga kelele mpaka Suresh akaja mbio akidhani nimeumwa.

Ilikuwa imeganda ndani. Niliichemsha kwenye sufuria mpaka slaidi yake, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani, ikalegea, na mke wa Masumbuko ameapa sufuria ile hairudi jikoni. Nilizibua jeti, vile vitundu vya kupitisha mafuta, nikakata gasketi mpya, nikakaza bolti huku kidogo na kule kidogo ili uso wake usipinde. Kisha nikakaa na bisibisi, nikizungusha skrubu ya hewa na kusikiliza, mpaka injini ikatulia kwenye mdundo mmoja. Plagi ilipotoka safari hii ilikuwa na rangi ya uji wa ulezi, yaani hewa na mafuta vimelingana. Jana asubuhi, kwenye ukungu, niliupanda ule mlima wa Chunya mpaka juu kabisa bila kusimama.

Sasa, dada, kaa chini.

Mwaka jana nilipowaambia kwamba nimeteguka mguu machimboni, haikuwa kuteguka. Shimo lilibomoka na gogo likaniangukia. Hospitali waliukata mguu wangu wa kushoto chini ya goti. Natembea kwa mguu wa bandia, na nimeuzoea. Nilinyamaza kwa sababu mama alikuwa amelazwa, na kwa sababu nilijua mngekuja kunichukua mkaniweka kwenye kiti barazani.

Wachimbaji wa Chunya bado wananihitaji niwatengenezee pampu zao, lakini fundi asiyeweza kufika shimoni hana kazi. Nilijaribu pikipiki ya Masumbuko. Hizi za sasa gia ziko kushoto, na mguu wa bandia hauisikii gia; nilianguka nayo barabarani mbele za watu. BSA ya baba mkubwa gia yake iko kulia, kiki iko kulia. Kushoto kuna breki tu, na breki inataka kukanyagwa, hilo naliweza. Shemeji atanisamehe, hakuna pikipiki ya dukani niliyoiona inayonifaa kama hiyo.

Lia kidogo ukitaka, lakini usimtume mtu aje kunichukua. Kesho naanza tena kazi Chunya. Wiki ya Pasaka nitakuja Kihesa kwa pikipiki, mwenyewe. Mama usimwambie, habari hii nataka aisikie kutoka kwangu, nikiwa nimesimama mbele yake.

Nisalimie shemeji, watoto na baba mkubwa Sedekia. Masumbuko na mkewe wanakusalimu sana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Liberatus