Usiku wa Ijumaa

Jumanne, 12 Oktoba 1954

Nimepewa ubao mdogo wa barazani! Mwalimu Valerian ameniambia leo baada ya hesabu. Kila asubuhi kabla ya kengele nitaandika SIKU KAMA YA LEO, na chini yake jambo kubwa lililotokea duniani tarehe hiyo hiyo. Kitabu cha tarehe kiliachwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Ni cha Kiingereza, natafsiri mwenyewe.

Kwa nini mimi? Kwa sababu ya mwandiko, alisema. Halafu akacheka: hutagombana na ubao, Bernadina. Kweli. Mbele ya watu ulimi wangu unakuwa mzito kama nimejaza uji mdomoni. Chaki haina aibu.

Sharti moja. Chini ya kila habari niandike nimeitoa wapi. Habari isiyo na shahidi ni umbea, amesema.

Leo: mwaka 1492, Kolumbo agundua visiwa vya Amerika. Kalisti wa darasa letu amesoma kwa sauti, kisha akauliza: kwani waliokuwa wakiishi huko walikuwa hawavioni? Wavulana wakacheka hadi kengele. Sasa naitwa Bi Tarehe.

Ijumaa, 15 Oktoba

Mwaka 1582, Papa Gregori anyoosha kalenda. Watu walilala tarehe nne wakaamka tarehe kumi na tano! Siku kumi hazikuwahi kuwepo. Nimesoma mara tatu nikidhani nimekosea Kiingereza. Kumbe inawezekana — mtu mwenye cheo anachukua siku na kuzifuta, na watu wanakwenda kanisani kama kawaida.

Kalisti: "Mkuu wetu naye si Gregory? Tumwombe afute wiki ya mtihani." Mwalimu Valerian aligeukia dirishani asionekane anacheka.

Jioni nimepitisha kidole kwenye Oktoba yote ya kile kitabu. Wafalme. Vita. Meli. Hakuna Geita, hakuna Shinyanga, hata ziwa letu halimo. Kwetu hakujatokea kitu?

Jumapili, 17 Oktoba

Baada ya misa nilimuuliza Mwalimu Valerian hilo swali. Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia nirudie. Kisha akatazama nyuma yake. Yametokea mengi, alisema, hayakuandikwa tu. Lete moja. Lete na shahidi wake.

Nilikwenda kwa Bi Mwamvua anayeuza vitumbua lango la mgodi. Nilishawahi kusikia wakubwa wakinong'ona habari zake. Ni mtu wa Pangani. Kila mtu anajua vitumbua vyake, hakuna anayemuuliza anangoja nini huku kwetu peke yake. Nikamuuliza.

"Namkalia mume wangu," alisema. Akaonyesha chini kwa kidevu. Ardhini.

Watu wanne, shifti ya jioni, mumewe Salumu bin Mbwana mmoja wao. Maji yalipasua ukuta wa shimo la zamani, wanne hawakupanda. Kampuni ikawaandika watoro. "Mtoro gani, mwanangu, anaacha kanzu yake ya Idi sandukuni na wali wake jikoni?" Miaka mitano sasa, kila mkubwa akija anamweleza. Wanamsikiliza, wanafungua madaftari, wanatikisa kichwa.

Ilikuwa lini, Bi? Hakusita hata kidogo. Usiku wa Ijumaa. Ijumaa ya tatu ya mwezi wa kumi, mwaka ule wa njaa.

Mwaka wa njaa ni 1949. Kalenda za zamani zinaning'inia kwenye msumari mmoja kwa Mwalimu Valerian. Nimehesabu Ijumaa: tarehe saba, kumi na nne, ishirini na moja. Ishirini na moja Oktoba — kitabuni ni siku ya vita vya Trafalga! Siku ile ile! Nelson na Salumu bin Mbwana kwenye ubao mmoja! Nimetembea mpaka nyumbani kwa Shangazi Nyamizi bila kuhisi jua.

Jumatano, 20 Oktoba

Mwaka 1827, vita vya Navarino, merikebu za Waturuki na Wamisri zazamishwa. Sijui Navarino iko wapi. Nimeandika haraka haraka. Mawazo yangu yote yako kesho.

Nimemwonyesha Mwalimu karatasi ya kesho. Alisoma, akanirudishia bila neno. Nimechukulia kuwa ni ndiyo.

Alhamisi, 21 Oktoba

Nimefika kabla ya mlinzi kufungua lango. Nimeandika hivi:

1805 — Vita vya Trafalga. Nelson afa akishinda. (Kitabu cha tarehe.)

1949 — Watu wanne wafa maji shimoni, mgodi wa hapa kwetu. Salumu bin Mbwana. Bujiku ng'wana Jilala. Thobias. Cornel. (Habari ya Bi Mwamvua, muuza vitumbua wa lango la mgodi, mjane wa Salumu.)

Majina ya baba zao Thobias na Cornel hata Bi Mwamvua hayajui.

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Kalisti alisoma mpaka mwisho kisha akavua kofia, sijui kama alijua anavua. Mvulana wa darasa la tano, Jilala, aliyepewa jina la babu yake, alisimama mbele ya ubao akisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kidole kikaishia kwenye Bujiku. "Huyu baba," akasema. Nyumbani wamemwambia miaka yote kwamba baba yake aliwakimbia, kwamba ana mke mwingine huko Lupa. Alirudia tena, kwa hasira sasa, kama mimi ndiye niliyemficha: "Huyu baba yangu!"

Saa nne Mwalimu Mkuu alikuja barazani. Alisimama muda mrefu, mikono nyuma. Akaingia ofisini. Hakufuta.

Sijawahi kufurahi hivi shuleni. Naandika ili nikumbuke.

Ijumaa, 22 Oktoba

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Niliitwa ofisini. Karani wa kampuni alikuwepo, Bwana Herman, na daftari kubwa la shifti. Alikuwa mpole sana, ndiyo maana niliogopa. Soma hapa, binti. Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1949. Usiku hakuna mtu aliyeshuka. Hata mmoja! Shimo lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Sasa hao wanne walikufa maji shimo gani?

Nilisoma mstari ule tena.

"Na nani amekudanganya?" Halafu akajigonga paji la uso kwa mchezo. "Ah! Umetuandikia mwenyewe. Jina, kazi, na mahali pa kumpata!" Akacheka. Mwalimu Mkuu naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye mabati ya shule yake yametolewa na kampuni. Mwalimu Valerian alikuwepo pia. Alitazama viatu vyake.

Barazani ubao umeshafutwa kwa maji, siyo kwa dasta. Wamefuta na Trafalga.

Jumatatu, 25 Oktoba

Meza ya Bi Mwamvua haipo langoni. Chumba chake ni cha kambi ya mgodi, ameambiwa akiache. Kosa: kueneza uongo kwa watoto wa shule. Lori la Jumamosi litampeleka Kahama, mbele atajijua. Marufuku kukanyaga tena eneo la mgodi.

Shangazi amesikia kisimani. "Mayu wane! Mwandishi, umeridhika?" Miaka mitano yule mama aliweza kukaa pale kwa sababu hakuna aliyemjali. Nimemwandika, wamemwona.

Shuleni Kalisti amesema kwa upole kwamba labda bibi kazeeka, anachanganya. Upole wake umenichoma kuliko Bi Tarehe.

Jumanne, 26 Oktoba

Mwalimu Mkuu anataka barua. Maneno ameyapanga yeye, mimi ninakili na kutia sahihi: nilidanganywa na mwanamke huyo, hakuna jambo kama hilo lililotokea, naomba radhi. Mwisho Jumamosi saa mbili asubuhi. Nisipoandika, jina langu halitakwenda kwenye orodha ya mtihani wa darasa la nane. Nitarudi Ushetu kupalilia tumbaku ya Baba.

Na kama kweli nilidanganywa? Daftari ni daftari. Nimelisoma kwa macho yangu.

Nimefikiri siku nzima kwamba Bi Mwamvua ni mwongo. Ni rahisi. Ukishalifikiria mara moja, mara ya pili halina uzito.

Alhamisi, 28 Oktoba

Niandike kwa mpango.

Nilikwenda kwake jioni. Shikamoo, Bi. Aliitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anafunga sufuria kwenye mkeka. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akafunga fundo zima kwanza.

"Jina la mume wangu nilikupa," akasema. "La kwangu alikupa nani?"

Hakuna. Sikumuuliza. Nilifuata sharti la ubao.

Nilikaa tu kizingitini. Jua likazama nyuma ya kilima cha mchanga wa mgodini. Akaacha mizigo, akatia udhu, akaswali. Kisha akaweka makaa kwenye chetezo, akatupia ubani, akageukia upande wa shimo. Nikauliza anafanya nini. Namsomea Salumu, alisema. Kila usiku wa Ijumaa namsomea.

"Lakini leo Alhamisi, Bi."

"Mchana ulikuwa Alhamisi. Jua si limezama? Huu ni usiku wa Ijumaa."

Nilimwomba arudie. Alirudia kama anavyomweleza mtoto mdogo: usiku hutangulia, mchana wake hufuata. Kwao siku huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa umeshaingia — kesho mchana ndiyo Ijumaa yenyewe.

Ee Mungu wangu. Alhamisi. Ilikuwa ALHAMISI, tarehe ishirini! Walikufa Alhamisi jioni. Na daftari la Bwana Herman linasema shimo lilifungwa Ijumaa asubuhi. Daftari halimkanushi, ni shahidi wake!

Nilimweleza, maneno yakigongana. Sisi tungesema usiku wa kuamkia Ijumaa, Bi. Ukisema usiku wa Ijumaa sisi tunaangalia usiku unaokuja baadaye. Alitupia ubani uliobaki, akautazama ukiungua wote.

"Yule DC wa kwanza nilimwambia usiku wa Ijumaa," alisema polepole. "Wa pili pia. Makarani wote. Wote wakafungua Ijumaa." Akahesabu vidole, akaacha. "Kwani siku yenu nyinyi inaanza saa ngapi?"

Saa sita ya usiku.

"Wakati hata kuku hajui!" Akacheka. Hakikuwa kicheko cha kufurahi. Miaka mitano amesema kweli kwa Kiswahili kilichonyooka, na sisi tunaojiita wasomi hatukujua lugha.

Na tarehe ishirini yenyewe ilipita wiki iliyopita. Niliandika Navarino, nikaenda kula kande.

Ijumaa, 29 Oktoba

Nimemweleza Mwalimu Valerian. Alielewa kabla sijamaliza, niliona machoni. Kisha akaanza kupanga chaki kwa rangi. Mtihani ni wiki tatu tu, alisema. Andika barua yao. Ukishafika mbali utaandika unachotaka, historia haina haraka.

Lori lina haraka, Mwalimu.

Hilo sikulisema. Nimelifikiria nikiwa nimeshafika mtoni.

Jumamosi, 30 Oktoba

Naandika kwa penseli, kwenye benchi nje ya ofisi. Wamenitoa.

Nilifika saa mbili. Mwalimu Mkuu ameketi, Bwana Herman amesimama, barua yao iko mezani na kalamu ya wino juu yake. Lori lilikuwa limeshawashwa kwenye lango la mgodi, linasikika mpaka hapa. Nilishika kalamu. Niliandika tarehe kwenye karatasi tupu. Kisha sauti ikatoka, sikuijua kama ni yangu.

"Bwana Karani, samahani. Shimo lilifungwa Ijumaa asubuhi. Lilifungwa kwa nini?"

"Pampu iliharibika."

"Iliharibika lini?"

"Usiku wa —" akasema. Akaishia hapo.

Nimemwona Mwalimu Mkuu akigeuza shingo. Wiki nzima alikuwa akinitazama mimi, sasa alimtazama yeye. Bwana Herman alikohoa. Nikasema kwamba naomba kusoma ukurasa wa Alhamisi, tarehe ishirini, walioshuka jioni. "Toka nje, binti," Mwalimu Mkuu akasema. "Kaa hapo. Usiende popote."

Wameufunga mlango. Kwanza walisema kwa sauti, Kiingereza na Kiswahili vikichanganyika, nikasikia jina langu, nikasikia "mabati". Sasa wananong'ona. Karatasi yangu iko ndani, ina tarehe tu.

Mwalimu Valerian amepita barazani mara mbili. Mara ya pili amesimama hatua tatu kutoka kwangu, kama anayengoja mtu mwingine. Hajaondoka.

Honi. Mara mbili. Wanapakia mizigo ya mwisho.

Bwana Herman amechungulia dirishani, akamwita mlinzi. Amemwambia akimbie langoni, dereva asiondoke. Kwa nini, mlinzi akauliza. Mwambie angoje, basi!

Kwetu Ushetu pia ni lori hilo hilo la Kahama. Sijui wanalisimamisha ili Bi Mwamvua ashuke, au mimi nipande.

Injini imezimwa.