Mvua ya Jumapili Niliyoiandika Jumamosi

Jumamosi, 2 Novemba

Milimita tatu. Nimesoma saa moja kamili, nimeinama jicho likawa usawa wa mstari, si kama wale wanaosoma wakiwa wamesimama. Nimetuma kwa simu. Nukta yangu ikatokea kwenye ramani, ya juu kuliko zote. Huku mlimani kipima mvua ni hiki changu tu. Bonde zima linaona namba yangu, na ikizidi thelathini, Kioko kule Mukuyuni anawatumia meseji wasishuke mtoni.

Mchana nimepalilia pojo. Kabla ya kupiga pasi nguo za kanisa nimetuma namba ya kesho pia. Sifuri. Anga ni safi. Jumapili sipimi. Sishiki jembe, siendi sokoni, na kupima ni kazi kama kazi nyingine. Hakuna aliyenikataza, ni sheria yangu mwenyewe. Lakini sitaki nukta ikae tupu, kwa hivyo natuma mapema, na Jumatatu narekebisha. Wenzangu wanakosa siku ovyo. Mimi sijakosa hata moja.

Jumatatu, 4 Novemba

Sabini na moja! Yote ni ya usiku wa kuamkia jana, maana jana kutwa ilikuwa jua. Nimefuta ile sifuri ya Jumapili, nikaandika sabini na moja. Leo sifuri. Rekodi imekaa sawa.

Ibada ilikuwa nzuri, ingawa mhubiri hajui kumaliza. Mahindi yameinua vichwa.

Jumanne, 5 Novemba

Mama mmoja amebebwa na maji kule chini, Jumapili asubuhi. Kule hakukuwa na hata wingu. Alikuwa ameinama kwenye shimo alilochimba mchangani, anachota, maji yakaja kutoka juu.

Nimeambiwa dukani. Nimerudi nyumbani bila chumvi niliyoendea.

Kutoka juu ni kutoka huku.

Jumatano, 6 Novemba

Wamempata. Anaitwa Kavata, mama wa Mwende. Alikwama kwenye mizizi, mtungi bado uko mgongoni, mkanda wa kuubebea bado uko kwenye paji la uso. Ina maana alikuwa amemaliza kuchota. Alikuwa anarudi.

Leo nimeshindwa kuvaa mkanda wangu. Nimebeba mtungi kwa mkono kama mgeni, nikamwaga nusu njiani.

Alhamisi, 7 Novemba

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wapima mvua amefungua ramani mbele ya watu. Jumapili, kipimo cha juu: sabini na moja. Basi. Namba ilikuwepo, meseji haikutumwa, kosa ni la Kioko. Ramani haionyeshi saa wala haionyeshi kilichofutwa. Inaonyesha tarehe na namba tu.

Mtu akanisifu: afadhali Mwalimu, yeye alifanya kazi yake. Nikaitikia kwa kichwa.

Naona aibu kuandika hivyo. Lakini niliitikia.

Jumamosi, 9 Novemba

Sikutuma ya kesho.

Nikiinama kusoma nahisi mtu amesimama nyuma yangu. Asubuhi kweupe, jua limeshatoka. Nikigeuka ni ua na kuku. Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, si mtu wa kuona vitu. Hata hivyo nimegeuka mara tatu leo.

Jumapili, 10 Novemba

Nimepima kabla ya kanisa. Dakika mbili. Dakika mbili tu! Nimelia kwa hasira.

Kanisani walimwombea Kavata na familia yake. Nilipotakiwa kuanzisha wimbo nilitikisa kichwa. Walidhani ni mafua.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeenda Mukuyuni. Nilijiambia nataka kubadilishiwa kioo cha simu. Kioko anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko, na kwa kawaida hupati pa kusimama. Leo alikuwa peke yake. Wanamkwepa kama mwenye ugonjwa. Familia ya marehemu inataka apelekwe kwa chifu.

Nilimpata akiangalia ramani. Hakunisalimia vizuri hata.

“Mwalimu, hii namba sikuiona. Saa moja nilicheki, saa moja na nusu nikacheki tena. Ilikuwa zero. Sasa najiuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa, ama nilisoma vibaya.”

Alinionyesha kidole chake kikiwa juu ya nukta yangu.

Nilitoka bila kumwambia. Mimi ni mwoga. Nilijua tangu zamani kwamba mimi ni mkali, lakini hili la uoga sikulijua.

Ijumaa, 15 Novemba

Mazishi. Nilikaa nyuma kabisa. Mkanda wa kubebea ulikuwa umetundikwa kwenye msumari jikoni, umefuliwa. Nani hufua kitu kama hicho? Mwende, bila shaka. Binti yake wa pekee.

Alinitafuta katikati ya watu ili anishukuru kwa kuja kutoka mbali. Kisha akasema, bila mimi kuuliza: “Mwaitu, mama yangu, alikuwa anaangalia simu kwanza. Kila siku. Aliniambia, Mwende, hakuna meseji, acha nikimbie nichote kabla ya church.”

Na yeye alikuwa anawahi kanisani.

Sikula chakula cha watu. Nimefika nyumbani nikiwa na matope ya kaburi lake kwenye viatu, nami nimeshindwa kuyatoa.

Jumapili, 17 Novemba

Niandike lile ambalo nimelikwepa kwa wiki mbili, hapa ambapo hakuna wa kunisifu.

Niliisikia. Ile mvua ilipiga mabati mpaka nikaamka. Nilijua kwamba nimetuma sifuri, na sifuri ni uongo. Asubuhi nilipita karibu na kipima mvua nikienda kanisani, Biblia kwapani, simu ndani ya mkoba. Nikasema, kesho. Nilijiona mtakatifu kwa kutokigusa.

Nilipoweka sabini na moja Jumatatu nilidhani nasema ukweli. Kumbe ukweli uliochelewa ndio uliomtia Kioko hatiani.

Jumanne, 19 Novemba

Mkutano, kwenye darasa la nasari. Kikundi, familia ya Kavata, chifu. Ajenda ilikuwa Kioko. Walimweka mbele, kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfikia kifuani.

Nilinyoosha mkono. Nikasema yote kwa mpangilio: Jumamosi nilituma sifuri. Usiku niliisikia mvua. Jumapili nilipita. Jumatatu nilibadilisha. Sikuweka “lakini” hata moja. Nilitaka kuiweka, ilikuwa mdomoni.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Kaka yake Kavata alitoka nje. Kioko aliinuka kwenye kile kiti kidogo, akasema, “Ulikuja kwangu, Mwalimu. Ukaniacha na hiyo kitu kichwani.” Kisha akaenda zake. Ana haki.

Mwenyekiti akapendekeza kipima mvua king'olewe, kipelekwe kwa mtu mwingine. Mwende ndiye aliyekataa. Hakusema kwa upole, nisijidanganye.

“Kule juu anaishi yeye. Mkikitoa, nani atatuambia huko kumenyesha? Akae nacho. Lakini mimi atanipigia kila asubuhi, aniambie kwa mdomo wake. Hata Sunday. Hasa Sunday.”

Nikasema ndiyo. Chifu akaandika.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeacha kuanzisha nyimbo. Nimemwambia mchungaji kwa nini. Amesema Mungu husamehe. Nilimuuliza, na Mwende je? Hakulitunga jibu, nami nikamheshimu kwa hilo.

Nimempigia Mwende, jana na leo. Namba, kisha anakata.

Jumamosi, 23 Novemba

Yule aliye nyuma yangu hajaondoka. Sigeuki tena. Nasoma, nasoma mara ya pili, ndipo naandika. Kama ni yeye, basi aone.

Jumapili, 24 Novemba

Milimita nne. Manyunyu ya alfajiri. Ukungu umekaa juu ya kilima, nyasi zimelowa, nimelowa mpaka magotini.

Nimempigia Mwende saa moja na dakika mbili. Nikasema nne. Akauliza kama nimeiona kwa macho. Nimesema nimeiona kwa macho. Nikasikia mtungi ukigonga mlango.

“Sawa. Basi nashuka mtoni.”

Alikata. Sikwenda kanisani kwa wakati. Nilikaa kwenye kigoda pale uani, simu kwenye mapaja, nikitazama mto usioonekana kutoka kwangu. Saa mbili na robo akapiga. Alisema amefika nyumbani, akakata.